Koti la Mwenye Shamba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipeana mkono na mtu aliyekuwa amezikwa. Usicheke kwanza.

Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga chumba mtaani Kaptembwo, na tamaa yetu yote ilikuwa kipande cha ardhi upande wa Menengai, kule ambako asubuhi za baridi mvuke hutoka ardhini kama chungu kilichosahaulika motoni. Muuzaji alikuwa kijana mmoja, Joram, aliyesema anauza kwa niaba ya baba yake. Asubuhi moja alimleta baba huyo mjini, kwa wakili aliyemchagua yeye mwenyewe: mzee kimya, ndani ya koti zito la kahawia lenye mkono wenye tundu la moto wa sigara. Joram alisema hasikii vizuri. Kitambulisho kilikuwa na jina lilelile la hati, na ofisi ya ardhi ilikuwa imetuthibitishia jina hilo. Mzee akatia sahihi. Nilipompa mkono, wake ulikuwa baridi, na koti lilinuka kama sanduku lililofungwa miaka. Ilibaki sisi kulipa kesho yake.

Mama mkwe hakutaka hata kuona karatasi. Aliniuliza jambo moja tu: "Umekunywa chai na jirani wa shamba?" Kwao mtu hanunui ardhi kabla ya kupeleka sukari na majani kwa aliye mpakani. Mimi niliona ni ushamba, lakini mkwe ni mkwe, nikaenda jioni ileile.

Jirani alikuwa mama mzee, peke yake. Alipika chai, akanimiminia, kisha akajaza kikombe kingine na kutoka nacho hadi kwenye ploti yetu, maana nilikuwa nishaanza kuiita yetu. Nikamfuata ndani ya mvuke. Katikati ya magugu akamwaga chai ile taratibu, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa kitandani, "Baba Joram, kuna mgeni." Hapo nikaona msalaba wa mbao. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la yule mzee niliyempa mkono asubuhi.

Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Aliponiambia kwamba aliyelala pale ni mumewe, nilimwambia kwamba ametia sahihi mbele yangu leo. Hakulia wala hakushangaa. Aliuliza alikuwa amevaa nini, nikamweleza koti na lile tundu. Akasema koti hilo halijaonekana tangu matanga.

Kesho yake tuliingia naye ofisini kwa wakili. Yule mzee alikuwa ameketi palepale, Joram kando yake. Yule mama akamsogelea mzee, akaligusa koti penye tundu.

"Koti ni la mume wangu," akasema. "Huyu aliye ndani simjui."

Mzee alivua koti, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Joram akamfuata. Tulipomuuliza askari wa mlangoni, aliapa kwamba aliyepita ni kijana peke yake.

Sisi tuliponea chupuchupu. Kuna mwingine aliyekuwa ameshamlipa Joram upande wa chini wa shamba lilelile bila kuuliza mtu. Alipokuja kujenga, yule mjane alimshtaki. Kesi imemzeesha, na nyumba yake ipo hadi leo bila paa, mvuke ukiingia na kutoka madirishani.

Basi sikia, mwanangu. Haraka haraka haina baraka, na kwa mambo ya ardhi ina mahakama pia. Hati inakuonyesha jina tu. Haikwambii kama mwenye jina bado anapumua. Mwenye ardhi akifa, watoto hawawezi kuuza mpaka mahakama imalize mambo ya mirathi, na mjane asikizwe. Tafuta wakili wako mwenyewe, si yule wa muuzaji. Kisha beba sukari na majani uende mpakani, ukae, unywe chai, uulize. Kuuliza si ujinga.

Mungu akupe pa kujenga. Na siku utakayopeana mkono na mwenye shamba, mkono huo uwe na joto.