Straiki ya Tatu

Katika besiboli, anayesimama na rungu akiukosa mpira mzuri huhesabiwa straiki, na ya tatu humtoa mchezoni. Hayo niliyajua baadaye, nilipoutazama mchezo kwenye simu, na nikapandwa na hasira: kumbe anayehesabiwa ndiye mwenye rungu. Kwetu Kolwezi, huko Kongo, rungu na hesabu vyote vilikuwa vya walinzi.

Sisi wachimbaji tuliingia kwenye mgodi wa kampuni bila ruhusa, kutafuta kobalti. Mkubwa wa walinzi alikuwa na rungu la besiboli la chuma. Ukikamatwa, alikutwanga mgongoni, akatamka "straiki", akachonga alama kwenye mpini wa beleshi lako. Walinzi wake walibadilishwa kila mara na hawakushika sura zetu, naye mwenyewe hakujali kuzitazama, kwa hiyo mpini ndio uliotutambulisha. Mpini mpya uliwatia shaka, ukakuletea kipigo zaidi. Straiki ya tatu ilikuwa goti.

Mimi nilikuwa na mbili. Mwenzangu, tuliyechimba naye tangu mgodi wa Kisenge, hakuwa na hata moja. Alikuwa mwangalifu, nami nilizoea kumcheka kuwa ana moyo wa kuku. Asubuhi ile, alipokwenda kuchota maji, nilichukua beleshi lake nikamwachia langu. Nilijiambia kwamba walinzi hawatakuja. Uongo mtupu. Ningeamini hivyo, nisingelibadilisha.

Walikuja kwa pikapu mbili, wakatutoa shimoni kwa mateke. Mmoja alinikanyaga shingo mpaka nikala udongo. Mkubwa aliukagua mpini niliokuwa nao, akauona safi, akanipiga mbavuni mara moja, akachonga alama. Kisha akaokota beleshi la pili.

"Hii njo ya nani?"

Mwenzangu alizitazama zile alama mbili. Akanitazama mimi. Alilijua beleshi langu kama alivyonijua mimi mwenyewe. Mdomo wangu ulijaa udongo, lakini ungeweza kusema.

"Njo yangu, chef," alisema.

Wawili walimshika mikono. Rungu lilishuka kwenye goti la kulia mara mbili, kwa sababu pigo la kwanza halikuvunja. Pigo la pili lililia kama kuni kavu, na mguu ukageukia upande usio wake. Walimwacha hapo akitapika, wakaenda kupiga wengine.

Nilimbeba mgongoni hadi barabarani, mbavu zikiniwaka, tukapanda pikipiki moja ya taxi-moto hadi kwake, mtaa wa Manika. Mke wake alimlaza, akakata suruali kwa kisu, akalia. Halafu akanigeukia, akapiga magoti mbele yangu.

"Aksanti, tata," alisema. "Kama hakukuwa weye, angefia kule."

Mwenzangu aligeuza uso ukutani. Nilimwambia yule mama kwamba hakuna neno. Akaniletea maji ya kunawa, akanipakulia bukari, ugali wetu, nikala mpaka nikashiba.