Moshi wa Jenereta na Kipande cha Shaba

Mwenzangu alipovuka mpaka na familia yake, aliniachia ufunguo wa maabara na kipande cha shaba tulichokuwa tumekipaka kobalti. Kazi ile tuliianza sisi wawili: kunasa moshi wa jenereta ndani ya maji, kisha kupitisha umeme ili sumu zake za nitrojeni zigeuke amonia, ambayo hutumika kutengeneza mbolea. Shaba ile ndiyo ilikuwa kichocheo cha kuharakisha mabadiliko hayo. Bila kichocheo kizuri, umeme unapotea bure.

Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya vita. Mke wangu na watoto walikuwa mji wa Bukavu. Kila asubuhi nilitoka mtaani kwetu Mapendo kwa miguu, nikafungua mlango, nikavisalimu viti vitupu, "bonjour". Kuna siku zilizopita bila mtu kuniita jina.

Majaribio mengi hayakutoa kitu. Halafu nikaisugua shaba kwa asidi, nikaipaka upya, nikapunguza umeme. Mchana nilipotia soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, kwenye yale maji ili amonia itoke, harufu ilinipiga puani kama ya zizi la mbuzi. Karatasi nyekundu ya kupimia amonia niliyoishika juu ya chupa ikawa buluu. Nilitaka kupiga kelele, lakini nikajizuia. Huenda amonia ilitoka kwingine. Nikarudia yote bila umeme. Karatasi ikabaki nyekundu.

Basi ilikuwa kweli. Nilikimbia mpaka getini, kwa mlinzi.

"Muzee, imefaulu!"

"Nini imefaulu?"

"Moshi umegeuka amonia!"

Akanitazama kwa huruma. "Papa, leo umekula?"

Nikampigia mwenzangu simu, nikamweleza.

"Ulijaribu bila umeme?" akauliza kwanza.

"Nilijaribu. Hakuna kitu."

Nyuma yake nilisikia redio ikisema lugha nisiyoijua.

"Umefanya vizuri sana," akasema. "Lakini mimi nimepata kazi huku, katika duka la dawa. Sirudi tena."

"Na shaba?"

"Ni yako sasa."

Sikumlaumu, ana watoto. Nilimpigia mke wangu, simu yake haikupatikana. Nikarudi ndani, nikaosha vyombo polepole, nikavipanga. Madirisha sikuyafungua. Ile harufu ilinikereketa koo na macho yakanitoka machozi, lakini nilikaa nayo mpaka jioni, maana ilikuwa ni kazi yetu, na hapakuwa na mwingine wa kuinusa.