Novena ya Kwenye Simu

Kule Riyadh nilisali novena kwa filamu. Najua padri wetu hatapenda kusikia hivyo, lakini kitabu sikuwa nacho, na rozari niliiacha nyumbani kwa sababu ajenti alituonya tusithubutu kuibeba. Nikatumia nilichokuwa nacho.

Mkataba wangu ulikuwa umekwisha zamani. Binti yangu wa kwanza alikuwa kitandani huko nyumbani na uvimbe wa shingo, na dada yangu aliyekuwa akimuuguza alinipigia akasema nije sasa nikitaka kumkuta. Hilo tu ndilo nililotaka duniani, nimkute akiwa hai. Lakini hutoki Saudia bila ruhusa ya kafili, mwajiri aliyekudhamini. Kafili wangu alikuwa mume wa madam, naye mambo ya jikoni na ya watu wa jikoni alimwachia mkewe. Madam akasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaisha, akasema baada ya Haji. Nikilia ananiambia halas, nenda kapike. Hakunipiga, nisimsingizie. Alininyima njia tu.

Nyumba ya jirani kulikuwa na mfanyakazi Mfilipino, Mkatoliki kama mimi. Tulikuwa tukionana juu ya paa tukianika nguo. Nilipomweleza habari za mtoto wangu hakunipa pole nyingi. Alinipa kadi ya simu, ndogo kama ukucha, yenye filamu ya zamani isiyo na rangi, ya mtawa mmoja aliyekuja kuwa mtakatifu. Walisema Kihispania mwanzo hadi mwisho. Neno nililotambua ni moja, Dios, yaani Mungu, na hilo ni kwa kuwa mtawa akilitaja anatazama juu.

Hata hivyo niliielewa. Mtawa anataka kutoka konventi aende kijiji chenye tauni, na askofu hataki kutia muhuri kwenye barua yake. Mtawa anapiga magoti, askofu anakunja karatasi. Mtawa anarudi siku nyingine, askofu anaendelea kula kuku. Nikasema, kumbe madam alikuwako tangu zamani.

Nikaigawa filamu vipande tisa. Kila alasiri wenye nyumba wakilala, naisimamisha simu kwenye kopo la wanga wa nguo, sauti nimeipunguza, napiga pasi, natazama kipande kimoja, nasali, nafunga. Kimoja tu. Mama yangu alinifundisha kwamba novena ni sala ya siku tisa mfululizo na hairukwi, ukivunja siku moja umeanza upya. Sikuchungulia mbele hata mara moja.

Siku ya sita tukasafiri Jeddah, kwa dada yake madam. Dereva wetu alikuwa Mkenya pia, kijana wa Machakos mwenye maneno mengi. Siku ya saba, Alhamisi mchana, akaniita kando ya gari. Akanieleza kwamba kuna daraja huko Kandara, waliokwama bila ikama, kile kibali cha kukaa nchini, hukaa chini yake na mizigo yao wakingoja kushikwa, kwa sababu ukishikwa unachukuliwa alama za vidole unarudishwa kwenu, na kafili haombwi ruhusa. Yeye alikuwa ametumwa upande huo saa ileile.

“Mama, panda gari.”

“Jumamosi,” nikamwambia. “Niko kwa novena.”

Akanitazama. “Huyo mtakatifu wako ana ikama?”

“Nyamaza wewe.”

“Nauliza tu. Kama hana, tumpeleke naye darajani.”

Sikucheka. Nilimwambia siwezi kulitupa ombi la mtoto wangu zikiwa zimebaki siku mbili. Akawasha gari akaenda.

Jumamosi sikungoja alasiri; asubuhi nikapiga pasi kanzu za watoto nikitazama kipande cha tisa. Askofu bado hajatia muhuri. Mtawa anaingia jikoni, anachukua mkate, analifungua lango mwenyewe na kuondoka, viatu mkononi. Hakungoja. Mimi nikafurahi, nikaona nimejibiwa. Dereva alipotumwa fuul, yale maharage yao ya asubuhi, na mikate, nililala kiti cha nyuma chini ya blanketi na nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki.

Pale darajani hapakuwa na mtu. Palikuwa na maboksi yaliyotandikwa, sufuria, na kandambili moja. Mwenye duka ng'ambo ya barabara akatuambia magari ya askari yalikuja Alhamisi jioni yakawachukua wote. Dereva hakunisuta. Angenisuta ningepumua. Aliniachia mkate mmoja wa madam akaenda zake.

Nikakaa. Watu wakaja mmoja mmoja hadi tukawa wengi tena. Askari wakipita tunasimama tuonekane, nao wanapita. Wiki ya kwanza ikaisha, na ya pili. Wale wa Alhamisi, nilisikia baadaye, walifika makwao ndani ya siku kumi.

Wiki ya tatu mwenye duka alinichajia simu, maana ilikuwa imezima. Nikampigia dada yangu. Aliniuliza kwanza kama nimekaa chini, nikajua. Nikamuuliza lini.

“Juzi,” akasema. “Alikuwa akiuliza umefika wapi. Tulimwambia uko njiani.”

Magari yalikuja siku nne baadaye. Wenzangu waliyakimbilia, wengine wakisukumana mlangoni kwa furaha. Askari mmoja alirudi kunifuata pale kwenye boksi langu, akawa ananihimiza, yalla, yalla, kwa sababu ni mimi tu nilikuwa nimebaki kupanda.