Ratili Mbili za Sultani

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa mjini Kisii, nikiwa msichana wa miaka kumi na minane, nilipoona mshale wa mizani umerudi nyuma nikacheka kwa furaha. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo. Keti hapo, mwanangu, na usinitazame hivyo. Nimekasirika, na leo sifichi.

Nilikuwa nimetoka kwetu Marani kufanya kazi kwa Bi Zena, mjane Mwislamu mwenye duka la unga na sukari. Nilimwita Mama. Sukari yenyewe hakuitia mdomoni, maana alikuwa na ugonjwa wa sukari na kila asubuhi alichomwa sindano. Alikuwa na paka mzee, Sultani, aliyenenepa hata akashindwa kupanda gunia. Panya walipita mbele yake kama wateja. Na kwa nini asinenepe? Kila aliyekuja dukani alimmegea andazi, nami nilimwekea maziwa na mabaki ya pilau, kwa kuwa kwetu kunenepa kulikuwa sifa.

Basi Sultani akaanza kunywa maji kama ng'ombe na kukojoa kila mahali. Siku moja nikipiga deki nikakuta sisimizi wamejaa pale alipokojoa. Nilimwendea Mama nikilalamika. Yeye aliinama, akawatazama wale sisimizi kwa muda mrefu.

"Moraa," akasema, "huyu ana maradhi yangu."

Tukamwita daktari wa ng'ombe. Kwanza alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema hana sindano ya paka, ila uzito ukipungua huenda mzee akapata nafuu. Andazi na maziwa vikome, apewe nyama kwa kipimo asubuhi na jioni, apimwe kila wiki. Akipungua robo ratili kwa wiki, yatosha. Akatuonya mara mbili kwamba paka mnene asilazwe njaa hata siku moja. Nilisikia, mwanangu. Siwezi kusema sikuambiwa.

Kila Ijumaa tulimtia kikapuni, tukamning'iniza kwenye mizani ya duka, naye akitukodolea macho kwa dharau. Mshale ulisogea kidogo sana, nami nikachoka kungoja. Mama alipokwenda Kisumu harusini karibu wiki nzima, nikajiona mwerevu kuliko daktari. Nilimfungia Sultani stoo na bakuli la maji tu. Siku mbili za kwanza alilia. Siku ya tatu akanyamaza, nikadhani amezoea. Ijumaa nikampima, na ratili mbili zilikuwa zimeondoka.

Mama aliporudi nilimkimbilia nikamwonyesha. Mizani hakuitazama. Alifunua mdomo wa Sultani, akaangalia ufizi, kisha ndani ya masikio. Kote kulikuwa na rangi ya manjano; njaa ilikuwa imemharibu ini. Nikaleta nyama haraka, Sultani akageuza uso.

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Na mimi je," akaniuliza, "mnene, mgonjwa, ufunguo unao wewe. Ungenifungia siku ngapi?"

Akamgeukia Sultani. Alimlisha supu kwa kijiko, tone baada ya tone, nami nikakatazwa kumgusa. Sultani alikufa siku ya sita. Mama hakunifukuza. Alinipa kile kikapu nikioshe, na hapo ndipo nilipolia.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi sasa nakilalia. Nina sukari, wajua vizuri, maana ni wewe unayenipimia ugali. Halafu leo nasikia umemfungia paka wetu mzee, naye ana sukari kama mimi, stoo tangu juzi, eti daktari ameagiza apunguzwe. Daktari alisema apunguzwe, hakusema anyimwe! Haraka haraka haina baraka uliimba shuleni tangu ungali mdogo. Uliimba nini, kama hukusikia?

Sikiliza basi. Mwekee chakula sasa hivi. Asipokula, mbebe leo hii kwa daktari, usingoje kesho. Akila, mpunguzie kidogo kidogo kama daktari alivyokupimia, na umpime kila wiki. Akishuka kwa kasi, usishangilie kama mimi, ogopa. Na kwa kuwa anachomwa dawa, usimbadilishie chakula bila kumuuliza daktari, kwani dawa ileile kwa tumbo tupu yaweza kumwangusha. Kiumbe mzee hakunenepa kwa siku moja, na waliomnenepesha ni sisi. Tulimlisha kwa mapenzi, tusimponye kwa ukatili.

Nimemaliza kufoka. Mungu akupe mkono mpole, mwanangu, akupe na umri mrefu wa kuutumia. Mkono huo ndio utakaonilisha mimi nikishindwa kuinua kijiko.

Ufunguo wa stoo uko wapi?