Nikimpa Ngome, Lazima Ale

Mambo yalianza na koti. Mteja wangu mmoja, mvuvi wa kisiwa cha Fundo, aliniletea kitambaa cha kijivu nimshonee koti la kuvaa juu ya kanzu kwenye harusi ya mwanawe, na mimi, fundi cherehani niliyeshona miaka thelathini hapa Jadida, Wete, nikamkatia mikono miwili ya kushoto. Na sikugundua. Nilikata, nikashona, nikapiga pasi, nikatundika. Mwenyewe alipokuja kulijaribu, mkono wa kulia ukajipinda kama anataka kumsalimia mtu aliye nyuma yake. Alicheka, Mungu amjaalie, akasema, "Bi Fundi, basi n'azime na bega la kulitilia." Mimi sikucheka. Alipoondoka nilifunga mlango, nikakaa kwenye kiti cha cherehani, nikajiuliza kama ndiyo imeanza.

Nilijiuliza hivyo kwa sababu ya mama yangu. Yeye alianza kwa kutia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, akaendelea kwa kutafuta kanga aliyokuwa ameivaa, na alipofika mwisho, kule kwetu Mtambile, alinitazama mimi mwanawe wa kumzaa akaniuliza, "Weye mtoto wa nani?" Kitu kimoja tu hakikumtoka, nacho ni bao. Wanawake kwetu hawaendi barazani kucheza bao na wanaume, lakini yeye alirithi bao la babake, la mti wa mfenesi, akalicheza uani maisha yake yote. Hata alipokuwa hajui siku wala jina langu, mkono wake ulisambaza komwe, zile mbegu za kuchezea, shimo baada ya shimo bila kukosea. "Mgeni, njoo tucheze," alikuwa akiniambia. Nilikuwa sikai. Niliona uchungu, tena niliona hasira. Vipi ukumbuke komwe unisahau mimi?

Basi baada ya lile koti nikaingiwa na hofu, na hofu yangu sikumwambia mtu. Nina binti mmoja, anasomesha hesabu sekondari hapa Wete. Ndiye anayewafunza wanafunzi sataranji, na mimi mwenyewe alinifunza miaka miwili nyuma, tukawa tunacheza kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Nilimwambia nataka kuchangamsha akili tu, umri unakwenda. Akanitilia mafumbo ya sataranji kwenye simu.

Mafumbo yenyewe ni hivi. Simu inakuonyesha mchezo ulioachwa katikati, kete zimetawanyika, kisha inakwambia: cheza, kuna njia ya ushindi hapa. Njia ni moja tu. Ama unamfungia mfalme asipate pa kukimbilia, ama unampeleka farasi mahali anapowatishia mfalme na malkia kwa pamoja, mfalme akikimbia malkia anabaki. Wakati mwingine unamtoa mtu wako mkubwa aliwe kusudi, ili njia ifunguke kwa mwingine. Hayo ya kutoa ndiyo yaliyonipendeza. Ni kama kukata kitambaa kizuri bila kusita kwa kuwa umeshaiona nguo.

Binti yangu alinionya nisibonyeze kwa kubahatisha. "Mama, hesabu kwanza mpaka mwisho, ndiyo uguse." Nikawa nahesabu. Kila asubuhi baada ya kusali, kabla ya kufungua duka, nilifanya mafumbo ishirini, na magumu niliyaandika kwenye daftari langu la vipimo, chini ya viuno na mabega ya wateja: mimi hapa, yeye pale, mimi hapa, basi. Simu inatoa alama, na alama zangu zikapanda. Zikapanda mpaka binti yangu akazionyesha kwa walimu wenzake. Nilivimba kichwa, sifichi.

Hapo ndipo nilipojiwekea sharti la kijinga. Nilijisemea kwamba nikimshinda binti yangu hata mara moja kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kichwa changu kizima na lile koti lilikuwa ajali. Nisipomshinda, naweka mkasi chini, nafunga duka, namwambia kila kitu. Kazi yangu ndiyo mimi, na kufunga duka kwangu si jambo la kusema kwa mdomo tu. Kwa hiyo kila Ijumaa nilipokaa mbele ya ubao, mwenzangu alikuwa anacheza sataranji na mimi nilikuwa nahukumiwa.

Nikafungwa. Ijumaa ya kwanza nikafungwa, ya pili nikafungwa, ya tatu nikafungwa vibaya mpaka nikadai samaki ameungua nikakimbilia jikoni. Samaki alikuwa ameshaliwa zamani.

Sikuelewa. Mpaka leo nikikumbuka wiki zile naona ukungu. Asubuhi kwenye simu mimi ni bingwa, naona hatua tano mbele. Mchana, mbele ya mtoto niliyemnyonyesha, mahesabu yangu yanavunjika kwenye hatua ya pili. Nilikuwa naiona njia wazi kabisa. Natoa ngome yangu hapa, yeye anaila kwa askari wake, uchochoro unafunguka, malkia wangu anaingia, mfalme wake kwisha. Nasogeza ngome. Binti yangu anaitazama ile ngome, anakuna shavu, kisha anasogeza farasi upande mwingine kabisa, na farasi yule yule ananitishia malkia. Ngome yangu imesimama pale imejitoa, hakuna anayeitaka.

"Mama, farasi wangu hukumuona?"

"Nimemuona."

"Sasa?"

Nilikuwa nimemuona farasi, ila katika hesabu yangu hakuwa na nafasi ya kucheza. Kwa nini hakuwa na nafasi? Sijui. Nikafikiri nimeruka hatua, nimesahau kitu katikati, na ndivyo ulivyo usahaulifu, huwezi kujua ulichosahau. Nikaongeza mafumbo, thelathini kwa asubuhi. Alama zikazidi kupanda na Ijumaa nikazidi kufungwa. Nikaanza kuishuku simu kwamba inanidanganya ili nisiyafute mafumbo yake. Nikamshuku binti yangu kwamba anabadilisha kete nikiangalia pembeni, nikamwambia, na ikawa ugomvi wa siku mbili. Nikarudi kujishuku mwenyewe. Dukani nikawa napima mkono mmoja mara nne na kuandika kwa chaki "kulia" na "kushoto" kwenye kila kipande kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Na kulikuwa na jambo jingine. Binti yangu aligundua kwamba akiniachia kitu wazi, mimi nakila. Askari mmoja amekaa peke yake, nakula. Farasi hana mlinzi, nakula, na nyuma ya farasi mna shimo ninatumbukia. "Mama ana roho ya kula," alikuwa akisema, akicheka. Mimi nilikuwa naliona shimo. Niliyajua yote mawili, chambo na ndoano, na mkono ukaenda vilevile. Ungeniuliza kwa nini, ningekwambia kwamba sikuona kama nina hiari. Hilo ndilo lililonitisha kuliko lile koti.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mwezi kuandama nilikaa nikiwa nimeshajua nitakachofanya. Nilitoa ngome yangu tena, mbele ya askari wake. Nilihesabu mara saba. Binti yangu akaangalia, akasogeza malkia wake nyuma, akaziba.

"Mbona huli?" Nilipiga ukelele, jirani akauliza kuna nini.

"Kwa nini nile? Nikila n'tafungwa."

"Lakini nimekupa! Ngome hino hapa, iko wazi!"

"Nimeiona, Mama. Siitaki."

"Huwezi kusema huitaki. Lazima ule!"

Akanitazama vile anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu la ajabu kwa njia ya ajabu zaidi. Kisha akalivuta daftari langu la vipimo lililokuwa pembeni, akaanza kufungua kurasa. Nilitaka kumpokonya, sikuwahi. Akasoma kimyakimya, kidole kinashuka mstari kwa mstari.

"Mama, kila mahali umeandika 'yeye ale'. Hapa 'nampa farasi, yeye ale'. Hapa 'nampa ngome, yeye ale'. Pote. Hujaandika hata pahala pamoja kwamba akikataa itakuwaje."

"Kwenye simu inakula."

"Simu inakula kwa kuwa fumbo limepangwa hivyo. Mie si simu. Nnani kakwambia lazima nile?"

Nikafungua mdomo nimjibu, na kabla ya jibu nikahisi maumivu kwenye vifundo vya vidole. Nasema kweli, niliyahisi. Upawa. Mama yangu, uani Mtambile, mimi mtoto wa miaka saba au minane, nimeona mahali pa kula komwe zake lakini nataka kucheza kwingine kwa kuwa nina ujanja wangu, na mpini wa upawa unanishukia kwenye vidole. "Una cha kula, ule!" Ndiyo sheria ya bao. Mwenye nafasi ya kula hana ruhusa ya kucheza pengine, na mwenzako pia hana, kwa hiyo ukitaka kumpeleka mahali unamwachia chakula tu, atakwenda mwenyewe. Mama yangu aliwafunga watu kwa njia hiyo miaka hamsini. Mimi sikuwa nimecheza bao tangu alipougua, na nilidhani nimeliacha.

Nilimwambia binti yangu. Nilipoanza na bao sikuweza kusimama, nikamwambia na la koti, na chaki, na sharti langu la Ramadhani, na kwamba siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho na nimefungwa. Nililia, na nilipokuwa nalia nilikasirika kwa kulia.

Alifurahi kwanza. "Basi hujasahau kitu, Mama! Umekumbuka mno, ndiyo tabu yako."

Nami nikataka kufurahi, nikashindwa. Kwa sababu mama yangu naye alikumbuka bao. Alilikumbuka mpaka wiki aliyokufa, na mimi hakunijua. Mkono kukumbuka ni ushahidi wa nini, basi? Nilimuuliza binti yangu swali hilo, na yeye mwalimu wa hesabu akalifunga daftari. Tulikaa pale, ubao katikati yetu, ngome yangu bado imesimama wazi haijaliwa.

Mwishowe akasema Jumatatu tutakwenda hospitali pamoja, na duka halifungwi mpaka mtu aliyesomea aseme. Nikakubali. Kisha akauliza, "Bao la bibi liko wapi?"

Lilikuwa juu ya kabati, limefungwa kwenye kanga kuukuu, komwe zake kwenye kopo la maziwa. Nikalishusha. Nilimuuliza analitakia nini wakati sataranji hatujaimaliza.

"Nifunze," akasema. Alikuwa anazipanga komwe ovyo, hajui zinaanzia wapi, na hakuniangalia usoni. "Ikija siku ukaniita mgeni, nijue kukaa."

Mimi sikukaa, na yeye alikuwa anajua kwamba sikukaa, maana nimeshamsimulia. Nikazipanga komwe vizuri, nikamwonyesha safu yake na yangu, nikamwonyesha jinsi ya kusambaza na jinsi ya kula. Ni mwepesi, alishika upesi. Mara ya nne au ya tano nilimwona amepata pa kula, amepaona, macho yake yamepita pale, kisha mkono wake ukaenda shimo jingine kwa kuwa alikuwa na ujanja wake.

Nikampiga kwenye vifundo vya vidole.

"Una cha kula," nikamwambia, "ule."