Teksi Iliyolala Bandani

Nilipoolewa nilitolewa Mkunazini nikapelekwa Kiembe Samaki, na kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi yake, nilipofungua dirisha la chumbani, kilikuwa gari. Ilikuwa imelala ndani ya banda la makuti uani, ndogo, ya Kiingereza, rangi yake ya chai iliyotiwa maziwa mengi, matairi yote hayana upepo. Kuku akatoka kwenye dirisha lake, akajikung'uta, akaenda zake. Nilidhani bado naota.

Gari ile ilikuwa teksi ya baba mkwe wangu. Alifariki muda mfupi kabla ya Mapinduzi, na tangu siku aliyoiegesha bandani hakuna aliyeigusa. Miaka ilikuwa imepita. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma, na hewa ya chumvi ilishaanza kuitafuna milango.

Mume wangu alikuwa karani bandarini, mtu wa maneno machache. Ndoa yetu ilipangwa na wakubwa; mimi na yeye hatukuwa tukijuana. Tulikuwa tukila kimya, tunaombana chumvi na maji, basi. Jioni akirudi kazini huvua shati, akaenda bandani, akafungua boneti, akasimama kuinamia injini kama mtu anayechungulia kisima.

Siku moja nikampelekea chai huko huko. Bila kugeuka akaniuliza, "Mkono wako unaingia hapa?"

Nati ilikuwa imemponyoka, ikaangukia mahali pembamba nyuma ya injini. Nikavua bangili, nikaupenyeza mkono, nikapapasa mpaka nikaipata. Nilipoutoa, kiganja kilikuwa cheusi kwa grisi juu ya hina ya harusi. Akautazama mkono ule, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

"Kumbe wewe fundi."

"Mie mshoni," nikamwambia.

"Ndo yale yale."

Tangu hapo jioni zetu zikawa za bandani. Nikikumbuka sasa naziona zote kama jioni moja ndefu, jua linapenya kwenye makuti na kumwagika vipande vipande juu ya boneti, ndege inapita chini kuelekea kiwanjani, na sisi wawili tumechuchumaa mbele ya beseni la mafuta ya taa tunaosha vyuma vidogo vidogo. Spea zilikuwa adimu. Mume wangu alizunguka vichochoro vyote vya mjini, akarudi siku moja na plagi zilizofungwa kwenye gazeti, akanipa nizifungue mimi, kama wanaume wengine wanavyowaletea wake zao halua. Kisichopatikana tulikitengeneza. Gasketi nilizikata kwa kadibodi nene, kwa mkasi wangu wa nguo, nikafuata umbo la chuma kama nafuata shingo ya kanzu. Viti nikavishonea turubai.

Mikono ikiwa na kazi, maneno huja yenyewe. Alinihadithia baba yake alivyokuwa akipiga honi mara moja tu kwenye kona, kwa adabu. Nami nikamhadithia nyumba yetu ya Mkunazini, na jinsi nilivyolia siku ya kuondoka. "Nilikusikia," akasema. Nikashangaa kuwa alisikia na akanyamaza.

Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye, hakufurahi. Hakuwa mkali, ila hakulikanyaga banda lile. Tukimwita aje kuona, alikuwa akijibu kutoka jikoni, "Nna vyungu mie. Mwacheni marehemu na gari yake."

Asubuhi ya Ijumaa moja mume wangu alitia hendeli, kile chuma cha kuwashia injini, akazungusha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena, shati limemganda mgongoni. Mara moshi ukatoka, makuti yakatetemeka, kuku wakaruka ukuta, na gari ikashika. Tukabaki tunatazamana, tunacheka bila kusikiana.

Kisha tukasubiri mama atoke atugombeze. Hakutoka. Nikaenda jikoni. Nikamkuta ameshatandika mkeka, amepanga sinia na kikombe kimoja, na anapuliza moto chini ya birika.

"Mama, anakuja nani?"

"Baba yenu si huyo karu..."

Hakumaliza. Akatazama kikombe, akakaa chini taratibu, na machozi yakamtoka bila sauti. Miaka yote marehemu alipokuwa hai, sauti ya injini ndiyo iliyokuwa ikimwambia atie chai. Mume wangu alikuwa mlangoni, amesikia.

"Nkaizime, mama?"

"Usiizime," akasema, anajifuta kwa kanga. "Iache kidogo niisikie."

Tukakaa watatu juu ya mkeka, tukainywa ile chai, gari inanguruma uani.

Jumapili yake mume wangu akamuuliza anataka apelekwe wapi. "Makunduchi," akajibu hapo hapo, "kwa dada yangu." Tulipomfungulia mlango wa mbele akarudi nyuma. "Mbele wanakaa abiria, si mie." Ndipo tulipojua kuwa hajawahi kuipanda. Marehemu alikuwa akitoka alfajiri kutafuta riziki na kurudi usiku, na kila mama akiomba kutembezwa alikuwa akiambiwa kesho, inshaallah. Mume wangu akamshika mkono, akamkalisha mbele, akamfunika miguu kwa kanga.

Tulipofika Tunguu maji ya rejeta yakachemka. Mvuke ukaifunika gari nzima, nasi ndani yake kama tumo mawinguni. Nikateremka kuomba maji kwenye nyumba ya karibu, na bibi wa nyumba akaja mwenyewe na ndoo, apate kuona.

"Shikamoo, bibi," akamwamkia mama.

"Marahaba," mama akaitikia dirishani. "Hii teksi ya mume wangu. Na aliyeitengeneza ni huyu mkwe wangu unayempa maji. Na mwanangu naye, kidogo."

Mume wangu akainama kwenye rejeta kuficha kicheko. Mimi nikaipokea ndoo nikammiminia maji.

Jozani tukaipita polepole, kivuli na jua vinapishana usoni pa mama, mkono wake uko nje ya dirisha unachezea upepo. Tukafika Makunduchi. Dada yake alipotoka mlangoni, mama hakuteremka. Akasogea kidogo, akagonga kiti. "Ingia kwanza, tuzunguke."

Tulikaa nayo gari ile mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini, injini ilipochoka kabisa na tairi zikawa hazipatikani kwa hali yoyote. Fundi mmoja wa Mwanakwerekwe akaja na mkokoteni, akachukua alichoweza kukitumia. Pale bandani tukapanda mipapai. Mama alikuwa hai bado, na akawa akilalamika kwamba mimi na mwanawe tunazungumza mno, hata hatumsikii akituita kula.