Mchele wa Matanga ya Yusufu

"Mama Mounira, na hawa wa kwako, niende nao kwenye uji?"

Albertine aliuliza hivyo asubuhi moja, amesimama kwenye ua wa matete uliogawa nyumba zao mbili, vikombe vya watoto wake vikigongana mkononi. Ulikuwa mwaka ule wa vita, mji wa Kindu, mashariki ya Kongo, ulipofungwa pande zote. Wapiganaji wa msituni walikuwa wamekaa kwenye njia za mashamba, askari wamekaa mjini, na mwanamke aliyethubutu kwenda kuchimba muhogo wake mwenyewe hakujua kama atarudi, wala atarudi katika hali gani. Kwenye uwanja wa misheni kulikuwa na watu waliowapikia uji watoto waliokonda. Kinamama walipanga mstari kandokando ya barabara kubwa, kikombe mkononi, jua kichwani, na kila mpita njia aliwaona.

Mwavita, ndiye huyo Mama Mounira, alicheka kidogo. Akajibu kwamba wa kwake walikuwa wameshakunywa chai na mkate, Albertine awapeleke tu wale wenye shida.

Mkate wenyewe ulikuwa umeshasahaulika katika nyumba ile.

Kabla ya vita, mume wake Musafiri alikuwa karani wa reli. Treni ilipofika kutoka kusini, Musafiri alirudi nyumbani na kalamu mfukoni, na popote alipopita watu walimpa kiti. Nyumba yao ilikuwa na sakafu ya simenti na kabati la kioo lenye vikombe ambavyo havikunywewa. Kwenye arusi, kitenge cha Mwavita kilizungumzwa kabla ya bibi arusi kutoka nje. Hakuwa mtu mbaya. Alisali, alifunga, na sahani yake ya futari ilifika kwa Waislamu na kwa Wakristo sawasawa. Watoto wa Albertine, ambao walibatizwa, walikulia kwenye mkeka wake. Lakini macho ya watu alikuwa ameyazoea kama mtu alivyozoea sukari kwenye chai.

Ilipokufa treni na mshahara ukafa nayo, wengine walishuka. Walivaa kilichokuwepo, wakasema hatuna, wakaendelea na maisha. Mwavita hakujua kushuka kunaanzia mguu gani.

Jambo ambalo hata leo akilikumbuka hujifunika uso kwa mtandio ni wanga wa kanzu. Kila Alhamisi, mchana, alichota unga wa muhogo kidogo, ule ule ambao Musafiri alizunguka mji mzima kuutafuta, akaukoroga kwa maji ya moto ukawa mwepesi kama maziwa. Haukuwa wa kunywa. Alichovya ndani yake kanzu ya mume wake, akaianika, akaipiga pasi ya makaa, ili Ijumaa iingie msikitini imesimama, nyeupe, na watu waseme nyumba ya karani bado ipo. Yusufu, mtoto wa mwisho, bado hajaanza hata kuzungumza vizuri, alikuwa akichuchumaa kando ya beseni. Siku moja Mwavita aligeuka akamkuta ametia pindo la kanzu mdomoni, ananyonya. Akampiga kofi la mkono, kwa sababu alikuwa anaichafua.

Musafiri aliiona kanzu, hakuuliza wanga umetoka wapi. Wote wawili walikuwa wakinyamaziana namna hiyo.

Yusufu akaanza kuvimba miguu. Nywele zikawa nyekundu na laini. Mwavita akamvalisha sweta, soksi na kofia ya sufu, kwenye joto lile la Kindu, na waliomshangaa akawaambia mtoto ana baridi ya homa. Halafu homa yenyewe ikaja kweli. Hapo akamwita Albertine, maana Albertine alikuwa amefanya kazi miaka mingi zahanati, anachoma sindano, anajua vidonge. Mtaa mzima walimwendea, na hicho walichompa, yai au kipande cha sabuni, ndicho alicholishia watoto wake.

Albertine alikuja na kidonge cha homa, akakikata, akamnywesha. Kisha, bila kuomba ruhusa, akavuta mkono wa sweta juu. Akaushika ule mkono mdogo kwa vidole viwili, vidole vikakutana.

"Mama Mounira, homa yake ni kidogo. Huu mukono njo unaniogopesha. Acha nimubebe leo niende naye kule. Nitamufunika, muntu hatajua ni wa nani."

Mwavita alisema kesho. Alisema akitazama barabara, ambako mke wa mwalimu wa madrasa alikuwa anapita.

Kesho yake kabla ya adhana ya alfajiri mwili wa Yusufu ulikuwa umeshapoa.

Wanawake waliingia, wakakaa mkekani, na kama ilivyo desturi wakauliza mtoto alikuwa anaumwa nini. Mwaka ule kila mtu alijua watoto wanakufa kwa nini. Mwavita aliwaona wanatazama kabati lake la kioo, halafu wanatazama miguu ya maiti chini ya shuka, na akaona jibu limeshaanza kuwajia machoni. Likamtoka neno kabla hajalipima.

"Juzi alikuwa anacheza. Alimeza dawa ya Albertine, njo hakuamuka tena."

Lingeweza kuishia pale, neno la mfiwa, likapotea pamoja na kilio. Lakini Mwavita alilitilia nguzo. Alifungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akatoa vitenge vyake vya thamani vya wax, vile alivyovikunja kwa dawa ya nondo na karafuu, ambavyo hata kimoja hakikuwahi kutoka kwa ajili ya tumbo la mtoto. Vilikwenda kwa mke wa ofisa mmoja wa jeshi. Badala yake ukaja mchele ulioletwa kwa ndege, mafuta, na samaki wakavu. Siku tatu za matanga watu walikula nyumbani kwa Mwavita kama zamani. Wengine walikuwa hawajaona punje ya mchele miezi mingi. Walikula wakilia, wakilamba vidole, wakimwombea marehemu.

Na walipokuwa wanakula wakasema lile alilotaka waseme. Nyumba yenye mchele kama huu, njaa ingeingia kwa mlango gani? Basi ni dawa.

Albertine alikuja matangani na kitambaa kichwani. Hakuna aliyesogea ampishe mkekani. Sinia ilizunguka, ikampita. Aliinuka taratibu akarudi kwake, na Mwavita, aliyeketi ameegemea ukuta kama wafiwa wanavyoketi, alimwona akipita kwenye ua na hakuita jina lake.

Tangu pale hakuna aliyemwendea tena kwa sindano. Watoto wake walipigiwa kelele njiani. Vita vilipotulia alifunga virago, akavuka mto, akaenda kukaa Alunguli.

Imepita miaka zaidi ya ishirini. Musafiri amekufa. Mounira, aliyekuwa binti mdogo wakati ule, ni mfanyabiashara. Analeta samaki kutoka Lokandu, na sauti yake sokoni inajulikana. Mapenzi yake kwa mama yake hayana mjadala. Lakini mapenzi hayo, kama yalivyo mengi ya siku hizi, yanapenda kupigwa picha. Mwaka jana akatangaza kwenye chama chao cha wanawake kwamba anampeleka mama yake Hija. Angeuza kiwanja kilichoachwa na baba, ambacho watoto wake mwenyewe walitegemea kujenga, na kingine angekopa. Vitenge vya sare vilishonwa, viti vikakodiwa kwa ajili ya dua ya kumuaga. Watu wakaanza kumwita Mwavita Mama Hadja kabla hajapata pasipoti.

Mwavita alimwambia binti yake, kwa upole, kwamba Hija Mungu ameiweka kwa mwenye uwezo.

"Mama," Mounira akasema, "watu wote wanajua sisi tunaweza."

Mwavita aliisikia sauti yake mwenyewe.

Desturi ni kwamba anayekwenda Hija hupita kwanza nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Mwavita akapita. Aliomba radhi kwa wifi yake, kwa jirani waliyegombana juu ya maji ya paa, kwa mwanamke aliyemwazima sufuria ikapotea. Wote walicheka, wakamwambia Mama Hadja wewe hujamkosea mtu, utuombee huko. Kila aliposamehewa alizidi kuwa mzito. Mwisho ilibaki nyumba moja, nayo ilikuwa ng'ambo.

Alivuka kwa mtumbwi wa injini, amekaa katikati ya magunia, na alipofika aliulizia hadi akaonyeshwa. Albertine alikuwa anapanga mafungu ya makaa mbele ya nyumba, mgongo umepinda, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Alimtazama mgeni wake toka miguuni hadi kichwani.

"Nilisikia unaenda Makka, Mama Mounira. Umekuja kuniaga, ao umekuja kununua makala?"

Mwavita aliketi chini, juu ya gunia tupu, na kitenge chake kizuri. Alianza kwa kanzu. Alisema habari ya beseni, habari ya soksi na kofia, habari ya ile kesho aliyoitaja akitazama barabara. Alisema habari ya mchele, akaendelea hadi mwisho. Albertine hakuacha kupanga makaa yake.

"Basi umevuka maji yote haya kuniletea habari yangu mwenyewe," akasema. "Mimi nilishika ule mukono. Nilijua."

Mwavita akamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema. Nani angenisikia, na midomo yao ilijaa mchele wako?"

Mnunuzi akaja, akahudumiwa, akaenda. Mwavita akaomba radhi kama alivyofundishwa, kwa maneno yote.

"Nimekusamehe zamani," Albertine alisema. "Kila siku nasali Baba Yetu, naomba nisamehewe kama ninavyosamehe, ningepitia wapi? Lakini mimi siye wa kuambiwa. Mutoto wangu Désiré amekua akiitwa mutoto wa mama wa sumu. Wale waliomuita vile wako upande wako wa muto. Wewe unakuja kunong'ona kwangu, mimi ninayejua, halafu unapanda ndege?"

Mwavita alirudi. Siku ile ile akamwambia Mounira kwamba haendi, na kiwanja kisiuzwe. Mounira alilia kwa hasira. Watu wamealikwa, sare zimeshonwa, watawaonaje? Ndipo mama yake akamweleza Yusufu alikufa na nini. Mounira aliacha kulia. Akawa anasugua kidole kwenye ukingo wa kiti.

"Mimi nilikula sana siku zile," akasema. "Niliomba niongezwe. Nilifurahi, Mama."

Mwavita alikuwa amedhani aibu hii ni yake peke yake, kumbe alikuwa amempakulia na mtoto.

Mounira alitaka waahirishe dua kwa kisingizio cha ugonjwa. Mwavita akakataa, visingizio vya ugonjwa alikuwa navyo vya kutosha. Akatuma mtu Alunguli kumwalika Albertine. Albertine akajibu kwamba kiti cha mbele hakukiomba, yeye atangoja asikie kitakachomfikia.

Siku ikafika. Wanawake walijaa uani wamevaa sare, wenye umri miongoni mwao wakiwa ni wale wale waliokaa kwenye mkeka wa matanga, sasa na mvi na miwani. Sheikh alisoma, watu wakaitikia amina. Kisha wakamwomba Mama Hadja aseme neno la kuaga. Mounira alikuwa amesimama pembeni na simu yake. Aliishusha, akaitia mfukoni.

Mwavita alisimama akishika mgongo wa kiti. Aliwaambia kwanza kwamba haendi Hija, kwa sababu hana uwezo huo, na kwamba wasimwite tena jina ambalo si lake. Kukawa na minong'ono. Akangoja itulie. Halafu akasema habari ya Yusufu, yote, hakuruka wanga wala vitenge, na alipotaja mchele aliwaona wale wazee wanaacha kumtazama, wanatazama mikono yao. Mmoja aliinuka akatoka. Mwavita hakumlaumu. Yeye mwenyewe, angekuwa na pa kwenda, angetoka.

Mke wa yule mwalimu wa madrasa, aliyekuwa bibi kizee sasa, ndiye aliyeuliza, bila ukali, wao wanatakiwa wafanye nini na jambo la zamani namna hii, maana mtoto amekufa na Albertine amehama.

"Albertine yuko hai," Mwavita akasema. "Mimi sijui neno langu lilifika wapi, nyinyi njo munajua, kwa sababu nyinyi njo mulilibeba. Nawaomba kitu kimoja. Kila muntu mulimuambia kwamba dawa ya Albertine iliua mutoto wangu, mumuendee, mumuambie kwamba njaa njo ilimuua, na mama yake alikuwa na vitenge ndani ya sanduku."